Rangi ya Unga Juu ya Kichwa cha Risasi

Ukichungulia mtutu wa bunduki ya kuwindia uliochafuliwa na madini ya risasi, utaona utepe wa kijivu umeganda kwenye pembe za mifereji yake. Risasi za mwanzo zilikwenda sawa, kisha shabaha ikaanza kuyumba, na kadiri mwenye bunduki alivyoendelea kupiga ndivyo ilivyozidi kuharibika. Kuubandua utepe huo ni kazi ya kusugua kwa saa nyingi. Huko Marekani, ambako ni jambo la kawaida na halali kwa mtu kujisubia vichwa vya risasi nyumbani kwa ajili ya uwindaji na mashindano ya shabaha, tatizo hili limewasumbua watu vizazi na vizazi. Siku hizi wengi wao wamehamia kwenye rangi ya unga, ileile inayopakwa fremu za madirisha ya alumini, majokofu na viti vya chuma.

Mpaka miaka ya 1880 shida haikuwa kubwa. Baruti nyeusi ilikisukuma kichwa kwa mwendo wa kama mita 400 kwa sekunde, na madini laini yaliyopakwa mafuta yaliweza kuuhimili. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyotoa moshi, na mwaka 1887 jeshi la Ufaransa likaanza kutumia bunduki ya Lebel, iliyorusha kichwa kwa zaidi ya mita 600 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo madini ya risasi yaliyo uchi hukwanguka mtutuni, kwa hiyo viwanda vikaanza kukivika kichwa koti la aloi ya shaba. Msubuji wa nyumbani hana mashine ya kuvika koti hilo. Kwa zaidi ya miaka mia moja alitegemea nta iliyochanganywa na grisi, aliyoisindilia kwenye vijifereji vinavyozunguka kiuno cha kichwa, pamoja na kikombe chembamba cha shaba alichokibana kitakoni.

Wengi hudhani utepe ule unatokana na ulaini tu, kwa hiyo hutafuta aloi ngumu zaidi. Ugumu una nafasi yake. Madini ya risasi matupu yana ugumu wa kama 5 kwa kipimo cha Brinell. Ukichanganya sehemu 90 za madini hayo na 5 za bati na 5 za antimoni, ugumu hupanda hadi karibu 15. Lakini chanzo kikubwa zaidi ni kipenyo. Kichwa kikiwa chembamba kuliko mtutu, gesi ya moto ya baruti hupenya pembeni na kukitafuna ubavuni, na chembe zinazotafunwa ndizo zinazoganda mbele yake. Katika bastola ya .45 kikomo cha shinikizo ni pauni 21,000 kwa inchi ya mraba. Katika bunduki ya .30-06 ni pauni 60,000, yaani karibu mara 4,000 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Ndiyo maana mbinu inayofanya kazi vizuri kwenye bastola huweza kushindwa vibaya kwenye bunduki ndefu.

Hapo ndipo rangi ya unga inapoingia. Ni chembe ndogo za plastiki, aghalabu poliesta, zenye rangi na kemikali ya kuzigandisha. Kiwandani hupulizwa kwa bunduki ya umeme ili zivutwe na chuma. Nyumbani vichwa hutiwa kwenye kopo la plastiki pamoja na kijiko cha unga na gololi ndogo za plastiki, kisha kopo likatikiswa kwa dakika moja hivi kama muuza karanga anavyotikisa njugu zake. Msuguano huzalisha umeme tuli, na unga hung'ang'ania metali. Siku yenye unyevu mwingi hewani umeme huo hupotea haraka na vichwa hutoka na mabaka. Kwa hiyo wasubuji wanaoishi sehemu zenye joto la unyevu hungoja siku kavu au hufanya kazi ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Baada ya hapo vichwa husimamishwa kitako chini kwenye trei, visigusane, na kuingizwa oveni kwa nyuzi joto 200 hivi, kwa dakika kama 20. Unga huyeyuka, hutandaa, kisha molekuli zake hufungamana kuwa ngozi moja ambayo haiyeyuki tena. Nyuzi 200 ni joto la kuangaliwa sana. Madini ya risasi matupu huyeyuka kwa nyuzi 327, lakini yakichanganywa na bati na antimoni, sehemu ya aloi huweza kuanza kulegea kwenye nyuzi 239 tu. Oveni ndogo za mezani hupanda na kushuka bila kutii namba iliyoandikwa kwenye kitufe, na trei nzima inaweza kulegea na kuinama kwa dakika chache za uzembe. Kipimajoto cha pembeni, kilichowekwa juu ya trei yenyewe, si anasa.

Jambo la pili halizungumzwi vya kutosha. Vichwa vingi husubiwa na kudondoshwa majini vikiwa bado vya moto ili vipate ugumu. Ukivioka kisha ukaviacha vipoe polepole, sehemu kubwa ya ugumu huo hupotea. Anayeuhitaji huvitumbukiza tena majini mara tu vinapotoka ovenini.

Kipimo cha rangi iliyoiva ni nyundo. Weka kichwa kimoja juu ya fuawe na ukibamize mpaka kiwe bapa. Rangi iliyoiva hunyumbuka na metali, ilhali ile mbichi, au iliyopakwa juu ya uchafu wa mafuta, hubanduka vipande vipande. Wengine husugua pia kwa kitambaa chenye asetoni na kuangalia kama rangi inatoka.

Ngozi hiyo huongeza kipenyo kwa mikroni 25 hadi 50 hivi. Mtutu wa .30-06 una kipenyo cha milimita 7.82 ndani ya mifereji, na kichwa cha kusubu hutakiwa kuuzidi kidogo, kiasi cha mikroni 25 hadi 50. Kwa hiyo baada ya kuoka, kila kichwa hupitishwa kwenye tundu la chuma la kukirekebisha. Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na mbaya. Rangi haikuumbwa kuziba pengo la kichwa chembamba, na asiyepima mtutu wake asishangae akiona ule utepe wa kijivu ukirudi.

Kikipita vizuri, kichwa hukaa mtutuni sehemu moja au mbili tu za elfu ya sekunde. Muda huo mfupi plastiki hutenganisha metali na chuma na kuikinga na gesi. Moshi wa nta huisha, na mikono haishiki madini moja kwa moja wakati wa kupakia. Lakini rangi iliyojikusanya upande mmoja huhamisha kitovu cha uzito. Mtutu unaozungusha kichwa mara moja kwa kila milimita 254, kichwa kikitoka kwa mita 600 kwa sekunde, hukizungusha zaidi ya mara 140,000 kwa dakika, na kwa mzunguko huo hitilafu ndogo hukitoa nje ya shabaha. Kwa maoni yangu, anayetaka mwendo wa risasi ya kiwandani anunue risasi ya kiwandani. Kichwa kilichopakwa rangi ni bora kinapopigwa kwa mwendo wa wastani, kikiwa na kile kikombe cha shaba kitakoni.

Yapo yasiyotibiwa na rangi. Tangu Julai 1, 2019, jimbo la California limepiga marufuku uwindaji kwa risasi za madini haya, kwa sababu tai aina ya kondori walikuwa wakifa kwa kula mabaki yake kwenye mizoga. Kichwa kilichopakwa rangi bado ni cha madini hayohayo. Sumu kubwa kwa binadamu nayo hutokea kabla rangi haijaguswa: ni takataka inayoenguliwa juu ya sufuria, vumbi sakafuni na mkono usionawa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima.

Sisi tunalijua hilo kwa uchungu. Owino Uhuru, Mombasa, watu walisumishwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kutengeneza risasi bila kibali ni kosa Kenya na Tanzania pia, na makala hii haimwaliki mtu kujaribu. Ila wapo miongoni mwetu wanaoyeyusha betri na kusubu vizito vya nyavu uani. Kwenu nasema: fanyeni kazi hiyo mbali na watoto na vyombo vya chakula, msitie kitu chenye unyevu kwenye metali iliyoyeyuka kwa sababu huripuka, oveni au sufuria iliyotumika isirudi jikoni kamwe, na mpelekeni mtoto anayecheza hapo akapimwe damu.