Kidonge cha matende na kazi zake nyingine

Pita Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, utasikia spika ndogo ikirudia kutwa nzima: dawa hii inatibu kisukari, presha, bawasiri, vidonda vya tumbo, mgongo na nguvu za kiume. Juu ya turubai zimepangwa chupa za maji zilizojazwa kimiminika cha rangi ya chai, na wanunuzi hawakosi. Kwa imani hiyohiyo, mwaka 2011 maelfu walikesha kwenye foleni ya magari kijijini Samunge, Loliondo, wakisubiri kikombe cha dawa ya magonjwa mengi ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500.

Sina ugomvi na mitishamba. Na dawa moja kutibu magonjwa mengi ni jambo linalowezekana. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wameshaimeza dawa ya namna hiyo. Mwaka 2006 jiji lilianza kugawiwa kingatiba ya matende na mabusha, yaani ivamektini pamoja na albendazo, chini ya mpango wa taifa ulioongozwa na Dk. Mwele Malecela wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mgawa dawa hakuwa na haja ya mizani: alikusimamisha kwenye kipimo cha urefu, akakuhesabia vidonge, ukameza palepale. Mbu wanaoeneza minyoo ya matende na mabusha mjini huzaliana kwenye mashimo ya vyoo na maji machafu, ambayo uswahilini hayakosekani.

Ivamektini ilianzia kwa mifugo. Satoshi Ōmura alipata bakteria ambao dawa hiyo ilitokana nao kwenye udongo wa Japani, William Campbell akaonyesha nguvu ya dawa hiyo dhidi ya minyoo, na mwaka 2015 wakatunukiwa Nobel. Kidonge hichohicho hutumika kwa usubi unaopofusha, upele na chawa. Hufungua vijitundu fulani kwenye neva na misuli ya minyoo na wadudu, nao wakapooza. Binadamu hana vijitundu vya aina hiyo. Orodha ya magonjwa ni ndefu, lakini mlango ni mmoja. Hata mbu anayenyonya damu yenye dawa hiyo hufa. Kwale, Kenya, utafiti wa kugawa ivamektini uliotangazwa mwaka 2025 ulikuta maambukizi mapya ya malaria kwa watoto yamepungua kwa asilimia 26.

Ndiyo maana muuza dawa yeyote lazima aulizwe: inafanyaje kazi? Uviko-19 ulipoingia, ivamektini nayo ilipewa sifa isiyo yake. Virusi havina neva wala misuli, na majaribio makubwa hayakuona faida. Huko Marekani watu walimeza hadi dawa ya farasi, wengine wakaishia hospitalini.