Astigimatizimu: Kasoro ya Umbo la Jicho

Mwanafunzi asomaye 3 mahali palipoandikwa 8, au achanganyaye herufi H na N ubaoni, mara nyingi hudhaniwa kuwa mzembe. Huenda kasoro haimo katika bidii yake, bali katika umbo la jicho lake.

Konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho, hufanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kupindisha miale ya nuru. Lenzi iliyo nyuma ya mboni humalizia kazi hiyo. Mbinuko wa konea ukiwa sawa pande zote, kama wa mpira, miale hukutana katika nukta moja juu ya retina. Ukizidi upande mmoja, kama ubavu wa yai, miale haikutani tena mahali pamoja. Hapo baadhi ya mistari huonekana dhahiri na mingine hufifia, iwe mbali au karibu. Hiyo ndiyo astigimatizimu.

Mwingereza Thomas Young aliieleza kasoro hii mwaka 1801, baada ya kulichunguza jicho lake mwenyewe. Mwaka 1825 mwanafalaki George Biddell Airy alieleza lenzi aliyoibuni kwa ajili ya jicho lake la kushoto. Lenzi yenye uso wa tufe huongeza nguvu ileile kila upande, hivyo haiondoi tofauti iliyopo. Airy alitumia uso wa mcheduara, uliopinda kama ubavu wa chupa, ambao hufanya kazi upande mmoja tu.

Kwa sababu hiyo, lenzi hiyo sharti ielekezwe kwa nyuzi zilizopimwa, na miwani ya kuazima haifai. Siku hizi zipo pia lenzi zivaliwazo juu ya konea, na kwa watu wazima upo upasuaji wa leza unaosawazisha mbinuko wake.

Mwalimu aweza kuchora mistari itokayo katika nukta moja, kama spoki za baiskeli. Mwanafunzi aitazame kwa jicho moja moja. Akiona baadhi ya mistari imekolea kuliko mingine, apelekwe kwa mtaalamu wa macho. Hata asipoona tofauti, akilalamika kuwa haoni vizuri apelekwe vilevile, kwani jaribio hili si kipimo kamili.

Kuchelewa kuna hasara. Astigimatizimu kubwa isiporekebishwa utotoni, ubongo huweza kukosa kujifunza kuona sawasawa, na miwani itakayovaliwa ukubwani isitoshe kuurudisha uwezo huo.