Upepo Unaobeba Unga Mlimani

Kwenye mashine nyingi za kusaga, mahindi yakishapondwa na nyundo na kupenya kwenye chekeche, hayashuki guniani kwa uzito wake. Feni huvuta unga na kuusukuma kwenye bomba hadi kwenye saikloni, lile pipa la bati lililochongoka chini. Humo hewa huzunguka kwa kasi, unga ukagonga ukuta na kuteremka, na hewa ikatokea juu. Safari yenyewe ni fupi, lakini kuna jambo moja linaloitawala ambalo kila mwenye mashine kuanzia Moshi mjini hadi Rombo angefaidika kulijua: hewa ikipungua kasi kupita kiwango fulani, unga haubebeki tena.

Kwa unga wa nafaka uliotawanyika hewani, ndani ya bomba lililolala, mafundi wa fani hii huanza hesabu zao kati ya mita 15 na 20 kwa sekunde. Kinachoshangaza ni kwamba chembe ya unga laini ikiachwa katika hewa tulivu hushuka polepole, chini hata ya mita moja kwa sekunde. Mbona basi inahitaji upepo mkali kiasi hicho? Ni kwa sababu hewa huisukuma mbele, ilhali uzito wake unaivuta chini. Kinachoizuia isitue ni misukosuko ya hewa tu, na karibu na ukuta wa bomba hewa hupungua kasi sana. Chembe ikifika hapo hukuta wenzake, wakashikana. Mto Karanga nao ukipunguza kasi huacha mchanga chini ya mkondo wake, ila mto unaweza kutanuka. Bomba haliwezi, nalo huziba.

Haya yalijulikana kwa majaribio ya subira. Watafiti walipitisha unga kwenye mabomba ya kioo kwa kiasi kisichobadilika, wakawa wanapunguza hewa kidogo kidogo huku wakipima shinikizo. Mwanzoni shinikizo lilishuka, jinsi mtu angetarajia. Kisha likafika mwisho wa kushuka na kuanza kupanda, ingawa hewa ilizidi kupunguzwa. Hiyo ndiyo dalili kwamba unga umeanza kutua. Wengine walifanya kinyume: walitandika unga kwenye bomba, wakaongeza upepo mpaka ukainuka. Hapo likaonekana jambo lisilotarajiwa. Punje kubwa huhitaji upepo mkali kwa sababu ya uzito, lakini chembe zilizo laini mno nazo huwa ngumu kuinua, kwa kuwa nguvu ya kunatana imezidi uzito wake. Unyevu na mafuta huzidisha kunatana huko.

Sasa tupande mlima. Moshi mjini ni takriban mita 850 juu ya bahari. Vijiji vya juu vya Marangu na Kibosho hupita mita 1,500. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14, na hewa nyepesi hubeba kidogo. Ili unga ule ule upae, kasi inabidi iongezeke kwa takriban asilimia 7 au 8. Papo hapo injini ya kawaida ya dizeli hupungukiwa nguvu kwa sababu ya hewa hiyo hiyo.

Hata hivyo tusiusingizie mlima kila kitu. Asilimia 8 haizibi bomba la mashine iliyopangwa vizuri. Mara nyingi mkosaji ni mkanda uliolegea, maungio yanayovuja, kona kali za bomba, au mahindi yaliyotoka mashamba ya tambarare kabla ya kukauka vyema. Mkulima anayeyakausha hadi unyevu wa asilimia 13 hivi hupata unga unaopita vizuri, na ghalani huzuia ukungu unaoleta sumukuvu. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Wala tiba si kukimbilia puli ya kuongeza mzunguko. Feni ikizidishwa kasi kwa asilimia 10, hudai nguvu zaidi kwa karibu theluthi, na dizeli hulipiwa na mteja. Bomba hulika haraka, na feni iliyopitishwa kiwango chake inaweza kupasuka.

Mama anayesaga lishe ya mtoto ana sababu yake ya kufuatilia. Unga uliotua bombani ni wa mteja aliyetangulia: pengine kimea cha ulezi cha pombe ya mbege, pengine karanga ambazo mafuta yake yananata. Ukilala humo huvunda, kisha huchanganyika na wake. Ana haki ya kuomba mashine izungushwe tupu kwanza. Na unga unaovuja kwenye maungio hudhuru mapafu ya mwendeshaji, tena ukitanda hewani kwa wingi unaweza kulipuka kwa cheche moja. Moto na sigara visikaribie.

Kasi yenyewe hupimika kwa vitu vya bei ndogo, na wanafunzi wa fizikia wangeweza kusaidia. Mashine ikiwa imezimwa, fundi atoboe bomba. Mpira mwembamba angavu ukunjwe kama herufi U na kutiwa maji. Ncha moja iunganishwe na kijibomba kinachotazamana na upepo, ya pili na tundu la ukutani mahali hapo hapo. Feni ikizunguka bila unga, tofauti ya vimo vya maji ya milimita 12 hivi huko Moshi ni mita 15 kwa sekunde. Milimita 22 ni mita 20. Uzuri wake ni kwamba maji hupima nguvu ya upepo pamoja na wepesi wa hewa, hivyo alama iliyowekwa mjini inafaa, kwa makadirio, hata Marangu. Maji yakishuka chini ya alama, fundi aanze na mkanda, kisha maungio, ndipo afikirie puli.