Dini Mbali Mbali, Darasa Moja: Haja ya Watoto wa Kisugu

Katika mji wa Kampala kila dini ina kilima chake: Waanglikana Namirembe, Wakatoliki Rubaga na Nsambya, na Waislamu Kibuli, ambako Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake kwa ajili ya msikiti na shule, na kwa kuwa kila jamaa ya waumini ilijenga madarasa kando ya mahali pake pa ibada, elimu ya Uganda ilikaa muda mrefu mikononi mwa dini, mpaka baada ya uhuru wa mwaka 1962 Serikali ilipoutwaa usimamizi wa shule nyingi. Ihsani hiyo ya waumini haina budi kushukuriwa.

Lakini mafukara hawakujigawa kwa vilima. Kisugu, katika Makindye, iko jirani na Kibuli na chini ya majumba ya matajiri ya Muyenga, na huko Mwislamu na Mkristo hupanga vyumba vilivyopakana, wakateka maji kwenye bomba moja na kuzikana wafapo. Maadamu wazazi wamekwisha kuishi hivyo, ni insafu watoto wao wapate shule iliyo ya wote.

Mwaka 1997 Serikali iliondoa karo ya shule za msingi, mwanzo kwa watoto wanne wa kila nyumba, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka kiasi cha milioni 3 hata kupita milioni 5. Hata hivyo, kuondoa karo si kuondoa gharama: zimebaki sare, madaftari, kalamu na chakula cha mchana, na kwa mama afuaye nguo za watu kwa ujira wa kutwa, siku moja bila kazi yatosha kumrudisha mtoto nyumbani.

Shule ya dini mbali mbali haimtaki mtoto aache imani yake. Katika mtihani wa darasa la saba, karatasi ya maarifa ya jamii ina maswali ya dini, na chini ya nambari moja huandikwa swali la Kikristo na la Kiislamu, mtoto achague moja. Basi shule iliyo na mwalimu wa dini moja tu humnyima haki mtoto wa dini ya pili. Vivyo hivyo jikoni: posho na maharage havina ubishi, ila nyama ikipatikana, na ichinjwe kwa sharia ya Kiislamu, ili wote wale katika sufuria moja, na Ijumaa adhuhuri ratiba iwape nafasi wendao kusali.

Kwa hiyo atakaye kusaidia asiulize kwanza jina la mtoto, bali aulize mshahara wa mwalimu na unga wa muhula mzima vitatoka wapi, kwani msaada wa siku ya sherehe hupita na sherehe yenyewe. Sadaka ya msikitini na matoleo ya kanisani viwekwe chini ya kamati moja ya imamu, padre, mchungaji na wazazi, na hesabu zisomwe hadharani kila muhula. Na mwenye uwezo aweke wakfu chumba cha kupangisha, ambacho kodi yake italisha watoto miaka mingi. Shime basi, tuchangie kwa pamoja, maana mtoto anayesomeshwa na majirani wa dini zote hatakuwa na sababu ya kumwogopa yeyote miongoni mwao.