Wamebaki Wangapi? Rekodi za Vita dhidi ya Wanyama Vamizi

Mnyama vamizi mkubwa kuliko wote duniani ametoka kwetu Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, tajiri wa dawa za kulevya Pablo Escobar aliingiza viboko wanne, dume mmoja na majike watatu, katika shamba lake la Hacienda Nápoles nchini Kolombia. Alipouawa mwaka 1993, wanyama wengi wa shamba hilo walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Viboko waliachwa, maana kumsafirisha mnyama wa tani mbili mwenye hasira si kazi ndogo. Wakaingia kwenye maji ya bonde la Mto Magdalena, ambako hakuna kiangazi kikali cha kukausha mabwawa wala simba wa kuvizia ndama. Kufikia mwaka 2023 walikadiriwa kuzidi 160.

Mwaka 2009 dume mmoja aliyeitwa Pepe alipigwa risasi. Picha ya askari waliouzunguka mzoga wake ilienea, wananchi wakaja juu, na uwindaji ukasitishwa. Serikali iliwatambua rasmi kuwa spishi vamizi mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikaanza kuwahasi mmoja mmoja kwa gharama inayokaribia dola 10,000 kwa kila kiboko. Wanne wa mwanzo wangeweza kuondolewa ndani ya siku chache.

Habari za vita hivi hupenda kutangaza idadi ya waliouawa. Mimi katika kila rekodi nimetafuta tarakimu nyingine: wamebaki wangapi?

Uzio mrefu, ushindi mfupi

Mwaka 1859 Thomas Austin, mwenye shamba katika jimbo la Victoria, Australia, alipokea sungura 24 kutoka Uingereza ili apate cha kuwinda. Hakuna mnyama anayenyonyesha, aliyepelekwa na binadamu ugenini, anayejulikana kusambaa kwa kasi kama yao. Jimbo la Australia Magharibi liliamua kujikinga kwa uzio, likaujenga kuanzia mwaka 1901 hadi 1907. Uzio namba moja ulikuwa na urefu wa kilomita 1,833, mrefu kuliko uzio wowote usiokatika duniani wakati huo. Kabla haujakamilika, sungura walikuwa wameshapita upande wa pili.

Mwaka 1950 virusi vya miksomatosi vikaachiwa. Sungura waliokadiriwa kufika milioni 600 wakashuka hadi milioni 100 hivi katika miaka miwili. Kwa idadi ya vifo sijui silaha nyingine ya kuilinganisha na hiyo. Lakini waliosalia ndio waliokuwa na kinga, wakazaa wenye kinga, na sungura wapo Australia mpaka leo.

Malipo mabaya na malipo mema

Mwaka 1902 watawala wa Kifaransa mjini Hanoi walitangaza kumlipa yeyote atakayeleta mkia wa panya. Mikia ikamiminika. Kisha panya wasio na mkia wakaanza kuonekana wakitembea mjini: watu waliwakata mikia na kuwaachia wakazae tena. Wengine walikuwa wakiwafuga. Sijaona mpango wa malipo ulioshindwa vibaya kuliko huo, na bado wazo la kulipa kwa kichwa hurudi kila mji unapochoshwa na ndege au panya.

Uingereza ilifanya kinyume chake na ikafaulu. Koipu, panya mkubwa wa majini kutoka Amerika Kusini, aliletwa huko mwaka 1929 kufugwa kwa ajili ya manyoya. Wengine walitoroka, wakatoboa kingo za mito na kula mazao mashariki ya nchi. Ilijulikana wazi kwamba mtegaji anayelipwa mshahara hana sababu ya kuumaliza mradi unaomlisha. Kwa hiyo mwaka 1981 wategaji 24 waliajiriwa kwa sharti jipya: wakimmaliza koipu ndani ya miaka kumi wangepata bakshishi ya hadi mishahara ya miaka mitatu, na bakshishi hiyo ingepungua kadiri walivyochelewa. Januari 1989 serikali ilitangaza kwamba koipu wamekwisha. Kati ya mipango yote ninayoijua, huu ndio uliomwelewa binadamu kuliko mingine, kwa sababu ulimlipa mtegaji kwa mnyama asiyeonekana tena.

Beberu, kisha Yuda

Idadi kubwa kabisa ya mbuzi kuwahi kuondolewa visiwani ni ya Galápagos, nchini Ekwado. Mbuzi walioachwa na mabaharia walikuwa wamekula majani na vivuli ambavyo kobe wakubwa wa visiwa hivyo huvitegemea. Mradi wa Isabela ulianza mwaka 1997 na kumalizika 2006, ukiwa umeondoa zaidi ya mbuzi 140,000. Katika Kisiwa cha Santiago peke yake walikuwa zaidi ya 79,000.

Wengi wao walipigwa risasi kutoka kwenye helikopta, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Waliobaki walijifunza. Waliposikia mngurumo walijificha mapangoni na vichakani, na mbuzi wachache wa namna hiyo wanatosha kukijaza kisiwa upya. Hapo akaingia mbuzi aliyepewa jina la Yuda. Mbuzi hapendi upweke. Akivishwa kola yenye redio na kuachiwa, atawatafuta wenzake hadi awapate, na wawindaji watafuata mawimbi ya redio. Wenzake huuawa, yeye huachwa aende akatafute wengine. Baadaye wataalamu waliwafunga uzazi majike na kuwapa homoni zilizowaweka kwenye joto kwa muda mrefu, hata mabeberu wakatoka wenyewe mafichoni.

Ni kazi ya kikatili, na sitaki kuipaka rangi. Lakini iliendelea hadi Yuda alipokuwa akizunguka wiki baada ya wiki bila kupata mwenzake.

Kisiwa kikubwa kuliko vyote kusafishwa panya

Georgia Kusini ipo katika bahari baridi ya kusini, karibu na Antaktika, na ina urefu wa kilomita 170 hivi. Panya walifika huko na meli za wawindaji wa sili mwishoni mwa karne ya 18, wakala mayai na makinda ya ndege wanaotaga chini. Miongoni mwa waliokaribia kutoweka alikuwemo ndege mdogo wa kisiwa hicho anayeimba, ambaye hakuna ndege wa jamii yake anayezaliana kusini zaidi.

Taasisi ya hisani, South Georgia Heritage Trust, iligawa kazi katika misimu mitatu, 2011, 2013 na 2015. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu mito ya barafu iliwatenganisha panya wa bonde moja na jingine. Barafu hiyo inayeyuka, na kama wangesubiri, mabonde yangeungana. Helikopta zilimwaga zaidi ya tani 300 za chambo chenye sumu, mstari kwa mstari, bila kuruka kipande, maana jike mmoja mwenye mimba angetosha kuuharibu mradi mzima. Kisha wakangoja. Mwaka 2018, baada ya msako wa mbwa wenye mafunzo na mitego ya kunasa nyayo na alama za meno, kisiwa kilitangazwa hakina panya. Eneo lililotibiwa lilizidi kilomita za mraba 1,000.

Wa kwetu waliovamia, na nzi waliotumwa

Mwaka 1930 mbu wa Afrika, *Anopheles gambiae*, alionekana mjini Natal, Brazili, akidhaniwa kuvuka na meli kutoka Dakar. Mwaka 1938 malaria ililipuka na kuua maelfu. Fred Soper wa Rockefeller Foundation aliongoza kikosi kilichopuliza dawa katika kila dimbwi, na kila mkaguzi alikuwa na mkaguzi wake. Kuanzia Januari 1939 hadi Novemba 1940, mbu huyo alikwisha katika eneo la kilomita za mraba 54,000. Sijui ushindi wa haraka kuliko huo dhidi ya mbu.

Libya nayo ilivamiwa mwaka 1988 na nzi wa Amerika ambaye funza wake hula nyama ya mnyama aliye hai. Nzi tasa bilioni 1.3 walisafirishwa kwa ndege kutoka Mexico na kuachiwa wapandane na wavamizi bila kuzaa, na mwaka 1992 nchi ikatangazwa salama. Mbinu hiyo hiyo iliondoa mbung'o Unguja, ingawa yeye hakuwa mgeni: madume tasa milioni 8.5 waliozalishwa Tanga waliachiwa, na mbung'o wa mwisho akanaswa Septemba 1996.

Hasara kubwa kuliko zote

Hii imo kwenye maji yetu. Sangara alipandwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akafurika. Inakadiriwa spishi 200 hivi za furu zilitoweka. Watafiti wengi huiita maangamizi makubwa kuliko yote ya wanyama wenye uti wa mgongo kuwahi kushuhudiwa na sayansi ya kisasa. Leo hakuna anayeweza kutaka sangara aondolewe: minofu huenda Ulaya, mabondo huenda Asia, mapanki hubaki sokoni Mwanza, na watu wengi mno wanaishi kwa biashara hiyo. Uvuvi mkubwa wa miaka ya 1990 ulipompunguza, baadhi ya furu walianza kurudi. Udhibiti pekee tulionao ni wavu na ndoano.

Milioni moja ya kunguru

Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ale takataka. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na sasa ameenea pwani yote. Hula mayai na makinda ya ndege wa asili, hupora vifaranga, hupekua jaa na meza za wageni hotelini. Sumu ya Starlicide ndiyo iliyomweza: kunguru huzoeshwa nyama kwanza, kisha hupewa yenye dawa, naye hufa baada ya saa nyingi, wakati sumu imeshavunjika mwilini mwake. Malindi na Watamu walikuwa wamepungua sana hadi sumu hiyo ilipoacha kuingizwa Kenya mwaka 2005. Baada ya hapo walirudi kwa maelfu.

Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Nauunga mkono kwa moyo wote, ila nisingemlipa mtu yeyote kwa hesabu ya mizoga. Ningewahesabu kunguru kwenye miti wanakolala jioni, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja kwa msimu mmoja, na bajeti ya miaka kumi ningeitia sahihi kabla ya chambo cha kwanza kuwekwa.