Bunduki ya Upepo: Panya, Shabaha na Kitoweo

Neno bunduki tumelipata kwa Waarabu. Kwao bunduq ni kokwa iliwayo. Kisha likawa jina la kigololi cha udongo kilichorushwa kwa upinde kuwapiga ndege, na mwisho likaiangukia silaha ya baruti. Kwa hiyo maulamaa walijadili windo la kigololi karne nyingi kabla ya bunduki hii ya upepo.

Mjadala huo una faida kwa Muislamu aishiye Kakamega, au Mumias ambako misafara ya pwani ilifika katika karne ya 19. Huko panya huingia ghala la mahindi, na ndege hushuka shambani. Je, bunduki ya upepo yafaa?

Kwanza sheria. Kabla ya kununua, nenda polisi ukaulize habari za cheti cha silaha. Kisha jua kuwa uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 inawalinda wanyama wa porini. Kima na mbega watokao msitu wa Kakamega wasiguswe. Wala ndege wa porini asipigwe bila kibali.

Aliyebaki ni panya, ambaye Mtume (s.a.w.) aliruhusu auawe hata ndani ya Haram. Kwa kazi hiyo chagua mtutu wa milimita 5.5, maana risasi yake ni nzito na hupiga kwa nguvu. Ule wa milimita 4.5 ni wa shabaha. Ndio utumikao katika Olimpiki tangu mwaka 1984, kwa masafa ya mita 10. Bunduki ya springi usiifyatue tupu, itaharibika. Nyuma ya shabaha weka gunia la mchanga, kwani risasi ikigonga jiwe hurudi. Nawa mikono kabla ya kula, risasi ina sumu.

Na mwenye kibali cha ndege, je, amle? Qurani, katika Sura ya Al-Maida, imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kipigo. Kigololi huua kwa kishindo, hakikati; ndiyo sababu wanachuoni wa Kishafii hawakumhalalisha ndege aliyekufa kwacho. Wengine, kama Shawkani wa Yemen, waliihalalisha risasi ya baruti kwa vile hupenya mwilini. Atakaye salama na amuwahi ndege angali hai, amchinje.

Mtume (s.a.w.) alikataza pia kumfanya kiumbe hai shabaha, na akakataza kurusha vijiwe kwa vidole, kwa kuwa havipati windo bali hutoboa jicho na kuvunja jino. Basi vijana walenge karatasi, mkubwa akiwa kando yao. Mchezo ukiisha, bunduki ifungiwe kabatini, risasi ziwekwe mbali nayo, na ufunguo akae nao mwenye nyumba.