Siku Mbili za San Juan Kabla ya Kung'oa Nanga

Kwa muda wa miaka 32 niliketi katika ukarani wa bandari ya Kilindini, na katika muda huo niliziona meli za watalii zikiingia alfajiri na kutoka magharibi, zikiwamwaga gatini watu mamia kwa mamia wenye kofia za ukili na viatu vyeupe, ambao walipakiwa mabasini, wakapelekwa Fort Jesus kwa saa moja, wakapigwa picha chini ya pembe za Barabara ya Moi, wakanunua twiga wa mti, na kabla ya adhana ya magharibi wakawa wamekwisha rudi, nami nimesimama mlangoni na kalamu nikiwahesabu mmoja mmoja, ilhali kila mmoja wao anayo yakini moyoni kwamba ameiona Mombasa. Sikuwacheka, maana mgeni hachekwi. Lakini nilijiapiza kwamba Mola akinijaalia siku moja kuwa abiria badala ya karani, sitauona mji wa watu kwa namna ile.

Basi binti yangu anayeishi Marekani aliponipigia simu, nami nimekwisha staafu, kunipa habari kwamba yeye na mumewe wametulipia, mimi na mama yake, nauli ya siku 7 katika bahari ya Karibi, sikuuliza ukubwa wa meli wala idadi ya milo. Niliuliza meli hiyo inaondokea bandari gani.

"San Juan, Baba. Puerto Rico."

Nikamwambia tutakwenda, walakini kwa sharti la kufika siku mbili kabla.

"Siku mbili za nini, Baba? Melini mna kila kitu."

"Hilo ndilo linalonitia hofu, mwanangu."

Watu wa bandari tunajua jambo ambalo mawakala wa safari hulisema kwa sauti ndogo, nalo ni kwamba meli haimngoji mtu. Saa ya kuondoa ngazi ikifika, ngazi huondolewa, na abiria aliyekwama katika uwanja wa ndege wa mbali hana la kufanya ila kuifukuza meli yake hadi kisiwa kinachofuata, tena kwa nauli ya mfukoni mwake. Na akiwa na pasi ya Kenya au ya Tanzania huenda hata hilo asiliweze, kwa kuwa kila kisiwa kina serikali yake na masharti yake ya viza, nayo viza ya Marekani yenyewe ni lazima iwe ya kuingia mara nyingi, la sivyo aliyetoka atajikuta hana mlango wa kurudia. Sisi tulilipata somo hili kwa bei nafuu. Ndege ya Nairobi ilitufikisha New York salama, na ile ya pili, ya mwendo wa saa 4 hivi, ikatufikisha San Juan bila sanduku la mama watoto. Shirika silitaji. Sanduku lilikuja kesho yake jioni likiwa limefungwa kamba isiyo yetu, na lau tungalifika siku ile ile ya kusafiri, bibi yangu angaliizunguka Karibi yote kwa leso moja.

San Juan ya kale imekaa juu ya kisiwa kidogo kilichojibana kwenye mdomo wa ghuba, kimeunganishwa na bara yake kwa madaraja, hata mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa kwa nini Wahispania walihamia hapo karne tano zilizopita. Nyumba zimepakwa rangi za manjano, za waridi na za kijani, zimetokeza roshani za mbao juu ya vichochoro, na chini yake njia zimetandazwa matofali yenye ubuluu ambayo mvua ikishapita hung'aa kama mgongo wa jodari. Niliinama nikaligusa moja. Ni mavi ya chuma, takataka ya tanuri iliyomiminwa katika kalibu, na wenyeji husimulia kwamba yalikuja kama farumi, yakiziweka sawa meli zilizotoka Ulaya zikiwa tupu. Nilifurahi kupita kiasi kwa habari hiyo, na bibi yangu akaniuliza kama tumevuka bahari kuja kutazama mavi ya chuma.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda El Morro. Ngome hii ilianzwa mwaka 1539, nayo imejengwa kwa matabaka sita yaliyopandana kutoka ukingo wa maji hadi mita 40 na zaidi juu yake, na katika kila pembe kuna kibanda cha mviringo cha mlinzi, chembamba kama chungu cha maji kilichosimamishwa juu ya ukuta, ambacho mtu mmoja akiingia hana nafasi ya kugeuka. Niliingia. Kwenye tundu la kuchungulia, jiwe limelainika mahali ambapo viwiko vya watu vimeegemea, na nje ya tundu hapakuwa na kitu ila bahari. Nikashikwa na hali ya mtu aliyekutana ugenini na ndugu wa baba mmoja asiyepata kumwona, kwa kuwa mimi nimezaliwa Mji wa Kale, hatua chache kutoka Fort Jesus, na utotoni nimeegemea viwiko vyangu juu ya ukuta kama ule.

Wala udugu huo si wa kufananisha tu. Mwaka 1580 Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania aliitwaa na taji ya Ureno pia, hata ikawa mtu mmoja, aliyeketi katika kasri lake karibu na Madrid na asiyepata kuiona Mombasa wala Puerto Rico, ndiye ambaye katika enzi yake Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, baada ya Waturuki kuitikisa pwani yetu, na ndiye aliyeamrisha El Morro ikuzwe na kuimarishwa kwa hofu ya Waingereza. Ramani ya Mombasa ilichorwa na Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Mipango ya San Juan ilitokana na Mtaliana mwingine, Battista Antonelli. Na wote wawili walifuata elimu ile ile ya vita, ya kuzikunja kuta kwa pembe kali ili kila ukuta ulindwe na mwenziwe. Mbattista mmoja huku, Mbattista mmoja kule, na mfalme wa kulipa ni yule yule. Miaka 60 na ushei nimeishi duniani bila kuambiwa habari hii na mwalimu yeyote, nami nikaipata kwa sababu nilikuwa na asubuhi nzima isiyo na mtu wa kuniita basini.

Yaliyoipata ngome hiyo ni mengi. Francis Drake aliijia mwaka 1595 akiitamani fedha iliyowekwa mjini, akapokewa kwa mizinga, na tufe moja likapenya hadi ndani ya chumba chake cha melini. Mwaka 1598 Mwingereza mwingine, Mtemi wa Cumberland, alishusha watu wake nchi kavu, akaiendea ngome kwa nyuma na kuitwaa, kisha akafukuzwa na adui asiye na bunduki, yaani tumbo la kuhara damu. Waholanzi waliuchoma mji mwaka 1625 na ngome ikawashinda. Wamarekani walikitwaa kisiwa mwaka 1898, na tangu 1917 wenyeji wake ni raia wa Marekani. Jambo moja tu nitalisimamia kidogo: katika kuzijenga kuta hizi walitumikishwa watumwa waliotoka Afrika, na utumwa haukufutwa Puerto Rico hadi mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Nilimtafsiria bibi yangu maneno hayo. Hakujibu kitu, alikwenda akaketi kivulini, akavua viatu.

Mbele ya ngome pana uwanda wa majani, mpana kuliko viwanja vyote vya mji vikiwekwa pamoja, na alasiri watoto hujaa hapo kurusha tiara. Upepo wa huko ni wa matlai. Haugeuki kama wetu, haujui kaskazi wala kusi, huvuma kutoka mashariki takriban mwaka mzima, na upepo huo ndio uliozisukuma merikebu za Wahispania zikavuka Atlantiki. Mkwe wangu, ambaye yeye na binti yangu walikuwa nasi safarini, alinunua tiara moja, akaikabidhi mikononi mwangu kwa adabu, kana kwamba anamkabidhi mzee bakora. Nikairusha. Uzi ulinichana kidole cha shahada, na alama yake nilikaa nayo hadi safari ikaisha.

Jioni tulipita uwanja mdogo ambapo wazee wanne waliketi wakicheza dhumna, wawili kwa wawili, wakizibamiza kete mezani kwa kishindo kile kile cha baraza za kwetu, na mmoja akimlaumu mwenziwe kwa hasira kubwa isiyo na chuki. Kihispania sikijui. Lakini kosa alilolifanya yule mzee nililiona: alikuwa na sita na akaipita. Nilitikisa kichwa bila kukusudia, mlaumu akaniona, akaninyooshea mkono kama mtu aliyepata shahidi mahakamani, na wote wakaangua kicheko. Wakaniletea kiti.

Chakula chao mashuhuri huitwa mofongo, nacho ni ndizi mbichi zilizokaangwa, zikapondwa katika kinu cha mti pamoja na kitunguu thaumu. Aghalabu huchanganywa na ngozi ya nguruwe iliyokaushwa kwa mafuta, basi mtu wa dini yetu sharti aulize kabla mchi haujaanza kazi. Sisi tuliuliza, tukapondewa bila hiyo na kumwagiwa mchuzi wa kamba, na bibi yangu, ambaye humhukumu mpishi wa hoteli kwa harufu kabla hajaonja, alikula kimya hadi mwisho, kisha akataka aonyeshwe kinu.

Siku ya tatu tukaingia melini. Habari za kupanda ni fupi: makuli huyachukua masanduku gatini yakiwa na karatasi zenye namba ya chumba, nayo hayaonekani tena hadi usiku. Mimi, niliyekuwa bandarini miaka 32, niliyaacha madawa yangu ya presha ndani ya sanduku hilo, nikashinda mchana kutwa nikiwa na fadhaa kama mtoto wa shule. Pasi, dawa na nguo moja ya kubadili hubebwa mkononi. Kisha huja zoezi la kujiokoa, ambalo tangu msiba wa Costa Concordia pwani ya Italia mwaka 2012 husisitizwa lifanyike kabla meli haijatoka au pindi inapotoka. Abiria wengi hulifanya kwa kuguna. Tuliketi sitahani tukaingoja jioni.

Meli zitokazo San Juan hupita chini kabisa ya El Morro, kwa kuwa mlango wa ghuba hauna njia nyingine. Tulipita jua likiegemea kuzama. Nilikitafuta kile kibanda cha mlinzi nikakipata, kidogo kama kizibo, na juu ya uwanda tiara mbili tatu bado zilikuwa hewani. Abiria walio wengi walikuwa upande wa pili wa sitaha, penye muziki na glasi zenye miavuli ya karatasi. Chini yetu mashua ya rubani iliambaa ubavuni, rubani akashuka kwa ngazi ya kamba bila kutazama nyuma, akaruka, mashua ikageuka kurudi bandarini.

Visiwa nitavipita mbio kama meli ilivyovipita. St. Thomas, ambayo Wadenmaki waliiuza kwa Marekani mwaka 1917 kwa dola milioni 25 za dhahabu, magari yake huendeshwa upande wa kushoto ilhali usukani nao uko kushoto, na abiria wa mbele huliona jambo hilo kwa macho yaliyofumba. St. Kitts ina reli nyembamba iliyokuwa ikichukua miwa. Kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 2005, sasa reli huchukua watalii. Barbados nimeiona soko moja na ufuo mmoja. Muda wa saa 8, wa saa 7, wa saa 8 tena, na kila mara mmoja katika familia ameishika saa mkononi.

St. Lucia tulishushwa Castries, mji alikozaliwa Derek Walcott, mshairi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Basi lilitupitisha uwanja wenye jina lake bila kusimama, likatupandisha milimani, likasimama penye mandhari ya kupigia picha. Hapo kando ya njia mama mmoja alikuwa akichoma shelisheli juu ya makaa, gamba limekuwa jeusi tititi na ndani jeupe linatoa moshi. Mti huo uliletwa Karibi na Kapteni Bligh mwaka 1793 kutoka Tahiti ili uwe chakula rahisi cha watumwa. Nikataka kumweleza yule mama kwamba hata Unguja tunalo, tunalila kwa nazi, na nimuulize wao hulila na nini; lakini kiongozi wetu alikuwa amekwisha piga makofi, na bibi yangu amekwisha kaa kitini, ameninunulia ndege wa mti aliyepakwa rangi tatu.

Gatini, mlangoni pa kurudia melini, alisimama karani mwenye shati jeupe na kibao cha karatasi, akituhesabu kwa ncha ya kalamu tulivyokuwa tukipita. Nilipunguza mwendo. Nilitaka anitazame uso, naye hakuwa na wasaa huo, maana nyuma yangu msafara ulikuwa mrefu. Alinigusa hewani kwa kalamu, midomo ikamtikisika, nikamsikia akisema mia nne na kumi na mbili.